Intaneti ya Mama Mkwe Imefungwa Kufuli

Wiki jana mliniacha nimesimama mlangoni pangu kule Oruba, Migori, na kikombe kitupu mkononi. Uji wote nilikuwa nimeumwaga ndani ya laptopu ya mke wangu Lynnet. Intaviu yake ya kazi ilikuwa imekufa pamoja na laptopu, na yeye mwenyewe alikuwa ameshaenda kwa mama yake.

Aliniachia neno moja tu: usinifuate.

Nilimfuata.

Wengi wenu mmeniandikia mkisema, Nicanor, mwache mtoto wa watu apumue. Nimesoma ujumbe wenu wote na nimewasamehe. Nyinyi hamjawahi kulala katika nyumba ambayo mke ameondoka na sufuria zote nzuri.

Na tena, kulikuwa na habari. Cliff, ndugu yake Lynnet, alinipigia simu Ijumaa jioni.

"Omera, ndugu yangu, wale watu wa kazi wamempa sista nafasi ya pili. Kesho Jumamosi, saa tano asubuhi."

"Mungu ni mwema," nikasema.

"Mungu ni mwema lakini waifai ya huku kwa mathe imegoma. Mathe aliwekewa na bro wa Nairobi mwezi uliopita, sasa laptopu yangu inakataa kabisa. Si wewe ulituambia ulisoma kompyuta?"

Kweli niliwaambia. Niliwaambia siku ya kwanza nilipokwenda kujitambulisha, mbele ya wazee, tai shingoni. Kazi yangu ni kuuza viatu vya mitumba, lakini nilisoma pakeji za kompyuta pale Migori mjini na cheti ninacho. Kimetundikwa ukutani juu ya televisheni.

Kwa hivyo Jumamosi, kabla ya jogoo wa jirani kuamka, nilikuwa barabarani. Nilipita Rongo nikiimba. Nilishuka Asumbi, nikapanda boda, nikamwambia mwenye boda kwamba leo narudi nyumbani na mke. Alinipongeza sana, hata hakunijua.

Lynnet alinikuta uani, mikono kifuani. Alikuwa amevaa koti la suti juu na leso chini, maana intaviu ya video haionyeshi miguu.

"Nilikwambia nini?"

"Usinifuate."

"Sasa?"

"Sikukufuata wewe. Nimefuata waifai."

Alitaka kucheka. Nilimwona kabisa akitaka kucheka, halafu akakumbuka uji.

"Nicanor, sikia." Akiwa na furaha huniita Nico. "Hii kazi ni ya maabara, na iko huko huko Migori. Nimeitafuta tangu nimalize chuo. Wakinikosa leo tena hawanitafuti tena. Simu hapa haishiki mpaka upande juu ya kichuguu, na video haipiti. Mwenye saiba ya Rangwe ni Msabato, leo amefunga yuko kanisani. Imebaki hii waifai ya mama peke yake."

"Na nikiitengeneza?"

"Ikisimama mpaka intaviu iishe, jioni nabeba sufuria zangu turudi pamoja. Ikianguka, utarudi peke yako, na usipige simu."

Wasomaji wangu, mimi ni mtu wa kufurahi haraka. Niliposikia "turudi pamoja" sikusikia tena kitu kingine. Niliingia sebuleni nikikunja mikono ya shati.

Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya sebule na birika.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wale wasiotujua. Kwetu Wajaluo, maro wako, yaani mama wa mke wako, ni mtu wa kuheshimiwa kwa umbali. Humwiti jina. Humkodolei macho. Unakaa pale sebuleni alipokuweka, unakula alichokupa. Na chumba chake cha kulala, hata pazia la mlango wake huligusi. Mkwe akionekana mle ndani, wazee wanaitwa, mbuzi anaanguka, na watu wanaanza kutaja chira, ile laana inayoweza kumfuata hata mtoto ambaye hajazaliwa. Mimi na Lynnet bado tunaomba mtoto. Kwa hivyo msinicheke.

"Mkwe wangu, karibu," alisema mama huku akitazama birika. "Kaa ule."

"Mama, asante, lakini nianze na laptopu, muda unaenda..."

"Kwani kwangu wakwe hufanya kazi na njaa?"

Nikakaa. Nikanywa chai. Nikala mayai. Nikala nyoyo, mahindi na maharagwe, sahani moja. Ikaja ya pili. Lynnet alikuwa amesimama mlangoni akiangalia saa ya ukutani, kisha mimi, kisha saa. Nilitafuna mpaka taya zikaniuma. Ukimwachia maro chakula katika sahani, umemtukana.

Mwishowe nikaletewa laptopu. Ilikuwa ya Cliff, nene, haina herufi P. Nikaifungua, nikaalisha vidole.

"Inasema imeunganishwa lakini hakuna intaneti," Cliff akaniambia. Alikuwa ameketi kwenye pikipiki yake nje ya mlango, akila muwa, amekuja kutazama sinema.

"Tatizo dogo," nikasema.

Nikazima nikawasha. Hakuna kitu. Nikaiambia laptopu isahau ile waifai, halafu nikaiunganisha upya. Ikaomba nywila.

"Nywila ni nini?"

Lynnet akakohoa. Cliff akaacha kutafuna.

"Ni jina la mama," Lynnet akasema. "Phelesia. Halafu moja mbili tatu."

Nilisema kwetu humwiti maro jina. Hakuna aliyewahi kuniambia kama inaruhusiwa kuliandika. Nikaangalia mlango wa jikoni, mama hakuwepo. Nikaandika herufi moja moja huku nimefumba jicho moja, na ile P nikaazima kwenye neno lingine, nikanakili nikabandika. Pakeji hizo.

Ikakubali. Nikafungua ukurasa. Ukakataa, ukasema tovuti si salama.

Hapo ndipo nilipoona kona ya chini ya kioo. Laptopu ilikuwa inaamini tuko mwaka wa 2016.

"Cliff, hii mashine iko nyuma na wewe unaipeleka wapi?"

"Betri yake ya ndani ilikufa. Ukizima inasahau siku."

Tovuti za siku hizi hukagua tarehe. Ukibisha hodi na tarehe ya zamani zinakufungia mlango. Nikarekebisha saa, nikarekebisha mwaka, nikajaribu tena. Ukurasa ukafunguka.

Lynnet akapiga makofi mara moja. Akasema, "Nico." Alisema Nico, jameni. Nilisimama nikacheza kidogo pale sebuleni, mabega tu, na Cliff akapiga honi.

Halafu ukurasa ukakwama. Ukarudi. Ukakwama.

Nikaangalia alama ya waifai. Mstari mmoja. Nyumba ya vyumba vitatu, na mstari mmoja.

Nikainua laptopu nikaanza kutembea nayo. Sebuleni, mstari mmoja. Jikoni, hakuna. Karibu na pazia la chumba cha mama, mmoja na nusu, nikarudi nyuma haraka. Nikatoka nje. Kwenye banda la kuku, hakuna. Nikazunguka nyumba polepole, nimeishika laptopu wazi mbele yangu kwa mikono miwili, na kuku wananifuata wakidhani ni chakula.

Upande wa nyuma mistari ikaanza kupanda. Miwili. Mitatu. Nikasogea. Nikainama. Nikachuchumaa na mgongo ukutani. Minne, imejaa. Nilicheka peke yangu kama nimeokota dhahabu kwenye machimbo ya Macalder.

"Shemeji."

Nikainua macho. Cliff alikuwa amesimama hapo na muwa wake.

"Cliff."

"Hilo dirisha lililo juu ya kichwa chako ni la mathe."

"Ah."

"La chumbani."

"Cliff, usiangalie dirisha. Angalia mistari."

Akaangalia mistari. Akaangalia dirisha. Akaniangalia mimi, mkwe wa boma, nimechuchumaa chini ya dirisha la chumba cha maro wangu asubuhi kweupe.

"Sijui kama wewe ni jasiri ama ni mjinga," akasema. "Wacha nikae nione."

"Muite Lynnet. Afanyie intaviu hapa."

Lynnet alikuja, akaona mahali, akaona samadi, akaona jogoo aliyesimama juu ya tofali akimkagua.

"Nicanor. Niwaambie hawa watu mimi ni mtaalamu wa maabara, na nyuma yangu kuku wanajisaidia?"

Kabla sijajibu, dirisha likafunguka juu yangu.

"Nani yuko hapo?" Ilikuwa sauti ya mama.

Nililala kifudifudi. Sikupanga, mwili wenyewe ulilala. Niliisukuma laptopu kwa Lynnet, nikatambaa kwa viwiko kando ya ukuta mpaka kona, shati jeupe na yote.

"Ni mimi, mama," Lynnet akasema. "Natafuta mtandao."

"Na huyo anayetambaa ni nani?"

"Ni mbwa," Cliff akajibu.

Nilipokaa tena sebuleni, nikijifuta magoti, nilikuwa nimeelewa jambo moja. Rauta, ile mashine inayotoa waifai, ilikuwa chumbani kwa mama, na kuna kitu kilikuwa kinaizuia isipumue. Ilibidi nimuulize mwenyewe. Akaingia nyuma ya pazia lake, nami nikakaa upande huu nikiwa nimegeukia ukuta, tukaanza matibabu.

"Mama, tafadhali angalia rauta. Ni taa ngapi zinawaka?"

"Taa ni moja."

"Moja tu? Ya rangi gani?"

"Ya kawaida. Iko hapa juu kwa dari."

"La, mama. Taa za rauta."

"Rauta sioni taa zake. Iko kwa sanduku."

Nikageuka kutoka ukutani nikamwangalia Lynnet. Lynnet alikuwa ameshaanza kushika kichwa.

"Sanduku gani, mama?"

"Lile la chuma, la Lynnet la bodingi. Nimeitia ndani nikafunga kufuli."

Nje, Cliff alianguka kutoka kwenye pikipiki kwa kucheka.

"Mama," nikasema polepole, "kwa nini uliifungia?"

"Watoto wa majirani. Walikuwa wanajaa hapa uani na simu zao kila jioni wanakunywa intaneti yangu. Vijana wakubwa, wanakalia mawe yangu, wanaangalia mpira. Nikasema hii kitu inamwagika. Nikaifungia. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja."

"Hawaji kwa sababu haitoki, mama."

"Si ndiyo nilitaka?"

Nawaapia, hilo halikufundishwa kwenye pakeji. Mwanamke huyu alikuwa ameona tatizo, akapata dawa, na dawa ilikuwa imefanya kazi. Akitaka kutazama misa kwa simu hufungua kufuli, anakaa kitandani na sanduku wazi, misa ikiisha anafunga. Ule mtandao niliokuwa nauokota nje ulikuwa unavuja kwenye tundu la msumari ambalo Cliff alitoboa nyuma ya sanduku ili nyaya zipite, na lile tundu lilikuwa linatazama dirisha.

"Basi mama, itoe utuletee hapa sebuleni, saa moja tu."

"Haitoki. Nilimwambia Cliff aifunge na waya chini ya sanduku. Mwizi akija abebe sanduku lote."

"Cliff?" nikaita.

"Nilifunga na koleo, omera, lakini sikujua chuma kinazuia mtandao," sauti ikajibu kutoka nje. "Mpaka uje na msumeno. Na nyaya zimefika hapo tu, huwezi hata kuvuta sanduku litoke ukutani."

Saa ya ukutani ilikuwa imebakisha robo saa kufika saa tano. Lynnet alikwenda akasimama mbele ya lile pazia.

"Mama, tafadhali. Nimelia wiki nzima katika hii nyumba na wewe umenisikia. Nataka hii kazi. Nataka kurudi kwangu. Fungua sanduku."

Nilikuwa sijui kwamba alilia wiki nzima. Nilikuwa nadhani ana hasira tu. Nilitamani kumshika mkono, lakini mbele ya maro hata hilo halifai, nikashika mguu wa meza.

Tukasikia funguo. Tukasikia kufuli, halafu mfuniko wa bati ukilia. Nikaangalia laptopu. Mistari minne.

"Nimefungua," mama akasema nyuma ya pazia. "Lakini huu mfuniko hausimami. Bawaba zimelegea na ukuta uko karibu. Nikiuachia unaanguka."

"Basi weka kitu, mama."

"Kitu cha nini? Nitakaa hapa niushike mwenyewe. Ni mtoto wangu."

Nilimpenda sana huyu mama dakika ile. Nilimpenda kwa umbali unaofaa.

Saa tano kamili, nyuso tatu zikatokea kwenye kioo. Mwanamume mwenye miwani, mama mmoja mwenye kilemba, na kijana anayeandika. Lynnet amekaa wima, koti la suti limenyooka. Mimi niko sakafuni kando ya meza, nje ya kamera, nachungulia alama ya waifai. Tulikuwa tumekubaliana mtandao ukianguka akohoe.

Wakamuuliza malaria, akajibu. Wakamuuliza damu ikichelewa njiani kufika maabara anafanya nini, akajibu mpaka yule mwenye kilemba akaanza kuitikia kwa kichwa. Mimi sikuelewa nusu yake. Nilikuwa sakafuni natabasamu peke yangu, nasema moyoni, huyu ni mke wangu, na mimi ndiye nilimwagia uji maishani mwake.

Intaviu ilikuwa inaelekea mwisho. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu sufuria tutakazobeba.

Ndipo nikasikia nyimbo.

Zilitoka njiani, sauti za akina mama, zinakaribia. Cliff akachungulia mlangoni, macho yamemtoka, akaninong'oneza, "Jumuiya. Ilikuwa waje saa nane. Wamekuja saa hii."

Jumuiya ya kanisa ikija kusali kwako huwezi kuiacha isimame getini. Na mama mkwe wangu ni mwenyeji wa watu. Nikasikia kitanda kikilia. Nikasikia miguu.

Halafu nikasikia bati. Kwaa.

Pazia likafunguka, mama akapita mbio akijifunga leso, anatabasamu, ameshasahau kwamba kuna sanduku duniani. Akatoka kuwapokea.

Nikaangalia alama. Mstari mmoja. Yule mwenye miwani alikuwa ameganda, mdomo wazi, kidole hewani.

Lynnet akakohoa.

Nikatambaa mpaka mlangoni. "Cliff, ingia ukashike mfuniko."

"Mimi?" Alirudi hatua moja. "Mimi ni mwanaume mzima, nina simba yangu pale, nyumba yangu mwenyewe. Siingii chumba cha mama yangu."

"Mwite mama."

Tukaangalia nje. Mama alikuwa katikati ya wanawake wengi, wanakumbatiana, wanaimba, wanapiga vigelegele. Ningepiga kelele kumwita, kelele ingeingia kwenye intaviu.

Lynnet akakohoa tena. Mara hii alinitazama. Wasomaji, nimetazamwa na yule mwanamke kwa hasira, kwa usingizi, kwa njaa. Sijawahi kutazamwa hivyo. Aliogopa, na hakuwa na mtu mwingine wa kutazama.

Nikavua viatu. Sijui kwa nini. Labda nilidhani itapunguza makosa.

Nikapita pazia.

Sitawaambia nilichoona, maana niliingia nikiangalia sakafu. Najua kulikuwa na kitanda, na najua sanduku lilikuwa mwisho wa kitanda, ukutani, limeandikwa LYNNET kwa rangi nyeupe. Nikapiga magoti. Nikainua mfuniko. Zile taa za kijani zikaniwakia usoni.

"Samahani, Madam Lynnet, tulikupoteza kidogo," nikasikia sauti ya yule mwenye miwani kutoka sebuleni. "Sasa tunakuona vizuri."

Asante Mungu. Nikatafuta kitu cha kuegemeza ule mfuniko. Viatu vyangu nilikuwa nimeviacha nje, akili gani hiyo. Kando yangu kulikuwa na kiatu cha Jumapili cha mama. Nikakichukua kwa vidole viwili, nikakiweka. Kikateleza, mfuniko ukashuka, Lynnet akakohoa, nikaudaka. Kitu kingine kilichokuwa karibu ni mto wa kitandani. Mto wa maro? Afadhali nishike waya wa umeme.

Basi nikabaki hapo. Magoti sakafuni, mikono miwili juu, nimeshikilia mfuniko wa bati katika chumba ambacho hata wazee wa ukoo wangu wasingekitaja.

Nje, nyimbo zilikoma. Nikasikia akina mama wakiingia sebuleni kimyakimya, Cliff akiwaomba wanyamaze kwa sababu dada yuko kazini na kompyuta. Viti vikasogezwa. Nikasikia maro wangu akinong'ona, "Mnyamaze kabisa, ni intaviu. Chai iko tayari, ni vikombe tu."

Ni vikombe tu. Nikageuza macho polepole. Chini ya kitanda, umbali wa mkono, kulikuwa na karai kubwa lililofunikwa kitambaa cheupe, na vishikio vya vikombe vya wageni vimechungulia pembeni.

Mtu alikuwa anakuja kuvichukua. Ningetoka sasa hivi, kwa dirisha, kuku wangenipokea na hakuna mtu angejua maisha yangu yote. Lakini nikitoka mfuniko unaanguka.

"Swali la mwisho, Madam Lynnet," akasema yule mwenye kilemba. "Kazi hii ina zamu za usiku, na kuna kuitwa ghafla. Wengi wanaacha kwa sababu ya nyumbani. Wewe una mtu wa kukusaidia?"

Kimya kikawa kirefu. Nilidhani mtandao umekufa. Nikaangalia taa, zote zilikuwa zinawaka. Ni yeye alikuwa amenyamaza.

"Nina mume," Lynnet akasema. "Wiki moja sasa sikuwa najua nikijibu hivyo nasema ukweli ama uongo. Lakini saa hii ninavyoongea na nyinyi, amekaa mahali ambapo mwanaume wa kwetu hathubutu kukaa, ili mnione. Naye anaogopa sana, namjua. Kwa hivyo ndiyo. Ninaye."

Machozi yalikuwa yananidondokea ndani ya sanduku, karibu na rauta, nikageuza uso nisije nikaiunguza.

"Vizuri sana," mama mwenye kilemba akasema. "Usitoke hewani. Tunashauriana dakika moja, halafu tunakupa jibu hapa hapa."

Dakika moja. Nikasema dakika moja naiweza hata kwa meno.

Pazia likasogea.

Hakuwa maro wangu. Maro wangu alikuwa amemtuma mgeni, maana magoti yake yanamuuma kuinama. Aliyeingia ni Mama Priscilla, mwenyekiti wa jumuiya, yule ambaye akisikia jambo Asumbi linafika Oyugis kabla ya chakula cha mchana. Sinia tupu mkononi. Aliangalia kitanda. Akaniangalia mimi. Akaangalia soksi zangu.

"Madam Lynnet, uko hapo?" sauti ikaita sebuleni. "Tumekubaliana."

Niliachia mkono mmoja, nikaweka kidole midomoni, nikamwomba Mama Priscilla kwa macho yangu yote. Mfuniko ulibaki juu ya vidole vitatu. Akavuta pumzi, kifua kikajaa, na akafungua mdomo.